Ng'ombe Nane za Kizunguzungu

Camion ilikuwa imeshaacha soko la Mushaki, imeanza kupanda, na Mama Mukakalisa alikuwa bado anatembea pembeni yake, mukono mumoja kwenye ubao, kama muntu anayesindikiza ng'ombe aliyeuzwa. Shofa hakuweza kukimbia. Njia ilikuwa ya mashimo, na nyuma alibeba vigogo vinane vya umuko, ule muti wa maua mekundu, vibichi, vizito kwa maji. Juu ya vigogo alikaa Ladislas, mutoto wake wa kwanza, na shoka lake, na patasi zake zilizopinda, na kibuyu cha siagi alichokifunga kwa majani ya ndizi.

Mama hakulia. Alikuwa na neno moja tu, akalirudilia mpaka pumzi ikamwisha: asirudi peke yake. Kama ni bila Kabera, abaki huko huko. Halafu camion ikapata fasi nzuri ya njia, ikaongeza mwendo, na ule mukono ukaachia ubao.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa 1954. Kabera, mudogo wake Ladislas, alikuwa ndani ya gereza la Walikale. Hakuiba, hakupiga muntu. Alitia kidole kwenye karatasi ya kazi ya miaka mitatu huko kwenye madini, ndani ya pori, akafanya mwaka mumoja na nusu, akachoka na joto na giza la miti, akashika njia ya kwao kwa miguu. Walimkamata kwenye daraja, akibakiza siku mbili tu za kufika. Wakati ule kukimbia kazi uliyoitilia kidole lilikuwa kosa la gereza, na sasa alibakiza miezi kumi na mine. Watu wawili wa Mushaki walikuwa wameingia gereza lile mbele yake. Mumoja alirudishwa amebebwa. Mwingine hakurudishwa.

Na hii safari ya vigogo ilitoka wapi? Pale Walikale, mbele ya boma, kabla ya vita, kulikuwa bustani ya michezo. Muzungu mumoja wa madini aliijenga mwaka wa 1938. Kulikuwa bembea za minyororo, na kibanda cha wapiga muziki, na katikati kile Wazungu walichokiita manège, watu wa Walikale wakakiita kizunguzungu. Nguzo kubwa imesimama, juu yake mikono minane ya chuma imetawanyika kama mbavu za mwavuli, na kwenye kila mukono farasi wa muti ananing'inia kwa fimbo ya chuma, shibiri tatu kutoka chini. Watoto wanapanda, nguzo inazungushwa, farasi wanakimbia hewani. Watu walitembea siku tatu ndani ya pori kuja kuangalia tu, kisha wanarudi kwao, na huko wanaitwa waongo. Halafu vita ikaja. Yule muzungu akaenda jeshini, minyororo ikachukuliwa, na mchwa wakala farasi wote wanane mpaka masikio. Miaka kumi na mine bustani ikawa ya mbuzi.

Administratère mupya wa boma, ambaye wote walimuita Bwana, alipofika, aliapa kwamba bustani itafunguliwa tena siku ya sikukuu ya Wabeleji, tarehe makumi mbili na moja ya mwezi wa saba. Akatoa wafungwa wafyeke, wapake chokaa, wakwangue kutu. Siku moja akasimama mbele ya mustari wao akauliza nani anajua kuchonga. Wote wakaangalia chini. Kabera peke yake akasema kaka yake anachonga kila kitu chenye tumbo. Njo hivyo barua ikapanda mpaka Masisi, ikashuka mpaka Mushaki. Ilikuwa ya mukono wa karani Édouard, na maneno ya Bwana ndani yake yalikuwa mafupi: wanyama wakizunguka siku ile bila aibu, Kabera anatoka kesho yake. Wasipozunguka, anamaliza miezi yake yote.

Ladislas hakuwa muchongaji wa wanyama. Alichonga vyombo vya maziwa, vile vya kukamulia na vile vya kugandishia, na milima yote ya pale ilijua mukono wake. Njiani kote, camion ikishuka kutoka kwenye baridi ya Masisi kuingia kwenye joto la pori, alikuwa anajaribu kukumbuka kama ameshaona farasi. Hakuwa ameona.

*

Ladislas alimukuta Kabera kwenye bustani, amevaa nguo ya mistari, anabeba mawe. Alikuwa amebaki macho na magoti. Hawakuruhusiwa kusalimiana kwa kukumbatiana, kwa hiyo Kabera aliweka jiwe chini, akaliokota tena, njo ilikuwa salamu.

Kazi ya vyuma ilikuwa ya muzee Sebahire, muntu wa familia ya walimaji wa Masisi, aliyeletwa Walikale kabla ya vita na hakupata njia ya kurudi. Yeye njo aliyetia mafuta kizunguzungu cha kwanza. Alimuzungusha Ladislas pale chini ya nguzo, akamuonyesha kila kitu: jinsi fimbo ya chuma inavyopita mugongoni mwa munyama na kutokea tumboni, na inavyofungwa chini kwa komeo, na jinsi wafungwa wane, waliofichwa katikati nyuma ya pazia la kitambaa, wanavyosukuma mapao ili nguzo izunguke. Halafu akaangalia vigogo.

"Weye mutu ya maziwa," akasema, "huku pori nzima iko miti migumu kama chuma, na weye unatuletea muti ya kuchongea vikombe."

"Ile migumu siijue," Ladislas akajibu. "Hii inanijua."

Bwana alimupa picha ya farasi, imekatwa kwenye gazeti. Ladislas aliiangalia siku mbili, akachonga kichwa kimoja, na kila aliyekiona akasema ni ng'ombe aliyekatwa pembe. Akachonga cha pili, kikatoka vilevile. Bwana akaja kukagua. Akazunguka kile kichwa, akacheka, akamuambia Édouard aandike: basi ziwe ng'ombe, ng'ombe za Masisi, hata huko Ulaya hawana. Na zitiwe pembe, lakini fupi, zisitoboe macho ya watoto.

Hapo Ladislas alipumua kidogo. Ng'ombe alizijua. Alizichonga moja moja, na kila moja ilikuwa ya muntu fulani huko Mushaki, na jina lake: ile ya baba mukwe wake Makuza yenye paji jeupe, ile ya padri isiyokubali kukamuliwa na mwanamuke, na ile ya Mama, Bihogo, nyekundu kama udongo. Wafungwa waliokuwa wanamusaidia walianza kuziamkia asubuhi.

Sasa kosa. Muchongaji wa vyombo vya maziwa hawezi kuacha muti bila kuutoboa. Amefundishwa hivyo tangu utoto: muti mubichi ukiuacha mzima, utajipasua wenyewe ukikauka, kwa hiyo unautoa moyo. Ladislas aliingiza patasi zake zilizopinda kwa mukia, akazitoa ng'ombe zote nane matumbo, mpaka ukuta ukabaki munene kama dole gumba. Hakujiuliza hata mara moja. Tena chombo kipya hakiachwi hivi hivi, kinapakwa siagi kwanza kinywe, kisipasuke. Akafungua kile kibuyu, akazipaka ng'ombe zake siagi ya Mushaki, ndani na inje, mikono miwili, kama anayemupaka mutoto. Wafungwa walilamba vidole. Mumoja akasema ng'ombe hizi zinakula vizuri kupita watu.

Sebahire aligonga tumbo la moja kwa kifundo cha kidole. Lililia kama ngoma.

"Unachonga ng'ombe ao unachonga chungu?"

"Muti yenye haina tundu inajipasua, Papa."

"Na yenye iko na tundu, nani ataikalia?"

Ladislas akaendelea kupaka siagi, maana wiki mbili tu zilibaki. Rangi ikaletwa kutoka kwenye stoo ya madini. Wakapaka. Kesho yake wakagusa, rangi ikatoka na vidole. Siku ya tatu ikatoka na vidole. Siagi ilikuwa inaisukuma kutoka chini, na hewa ya Walikale, yenye kuyeyusha hata chumvi, haikusaidia. Siku sita zilibaki. Édouard alipita muchana, viatu vyake vinang'aa, akaweka kidole kwenye ng'ombe, akakiangalia, akasema Bwana ameshaita Wazungu mpaka wa Bukavu, na kwamba yeye, Édouard, asingependa kuwa kaka ya muntu fulani.

Ladislas akafanya ambacho hakuna muchongaji wa kwao angefanya. Aliwasha moto chini ya kibanda, akazitundika ng'ombe juu yake, ili rangi ikamatane kwa nguvu. Ikakamatana. Kwa siku mbili zilikauka vizuri, zinang'aa, Bwana akapita akapiga makofi. Siku ya tatu asubuhi Ladislas alikuwa peke yake na Bihogo, anamugeuza, na akasikia sauti ndogo kama ya kuvunja ukucha. Akalala chini akaangalia. Ufa ulitoka kwenye tundu la fimbo ya chuma, ukakimbia tumboni mpaka karibu na kifua, urefu wa kiganja na nusu. Akaingiza ncha ya kisu. Kikapita mpaka ndani.

*

Siku tatu.

Alizikagua zile saba mara kumi. Zilikuwa nzima. Ni hii moja tu, na hii moja ilitosha.

Chombo cha maziwa kikipasuka, hakitupwi, kinashonwa. Ladislas alitoboa matundu madogo pande mbili za ufa, akachukua waya mwembamba wa Sebahire, akamushona Bihogo tumboni mishono saba, akaikaza, akafunika kwa nta, akapaka rangi juu. Ukisimama huoni kitu. Lakini chombo kilichoshonwa kinabeba maziwa. Hakibebi mutoto anayerukaruka kwenye mugongo, na fimbo ya chuma inavuta juu, na ng'ombe nzima inatupwa inje na mwendo.

Alimuendea Sebahire. Sebahire aliangalia, akasema inahitaji mukanda wa chuma kuzunguka tumbo lote, na mukanda kama ule unafuliwa kwenye atelier ya madini, na atelier haiwezi kutoa kitu kabla ya wiki moja. Ladislas akauliza kama hawawezi kuiacha, zizunguke saba. Muzee akatikisa kichwa. Mukono mumoja ukibaki mwepesi nguzo inaelemea upande, mapao yanawapiga wafungwa, na kila kitu kinakwama mbele ya Wazungu. Na akitundika jiwe badala ya ng'ombe? Bwana atauliza ng'ombe ya nane iko wapi.

Basi akaamua kusema. Alikuwa anaelekea bureau ya Bwana, anajipangia maneno, wakati Kabera alipomukuta na muzigo wa kokoto. Polisi alikuwa mbali, anakunywa maji. Ladislas akamuambia yote kwa haraka.

"Usiseme," Kabera akasema. Hakuinua macho. "Utasema wakati mi nimeshapita daraja."

"Mutoto ya mutu akianguka?"

"Iko chini shibiri tatu. Ni majani."

"Na ile chuma ikimuangukia juu?"

Kabera alipanga kokoto zake kwenye karai, moja juu ya ingine. "Kaka, Hakorimana alikufa juma iliyopita. Tulilala mukeka moja. Alikuwa na mwili kunipita." Halafu polisi akarudi, na yeye akainuka na karai kichwani, miguu inatetemeka, akaenda.

Ladislas alisimama pale kwenye jua. Hakwenda bureau. Alirudi kibandani, akakaa mbele ya Bihogo.

Na kama vile haikutosha, Hélène, mutoto wa Bwana, wa miaka saba, alikuwa anakuja kila saa kumi kuangalia ng'ombe. Alikuwa ameshachagua yake. Alichagua nyekundu. Ladislas alimuonyesha ile ya paji jeupe, akaisifu, akaipapasa, akaiita bibi harusi wa ng'ombe zote. Mutoto akatikisa kichwa, akamukumbatia Bihogo shingoni, akamuambia kitu kwa Kifaransa sikioni.

*

Siku ya sikukuu jua lilitoka mapema. Watu walijaa mpaka kwenye miti. Wanyanga wa vijiji vya jirani, watu wa madini na wake zao, Wazungu kwenye viti vya kukunja chini ya turubai. Padri wa Walikale alinyunyiza maji ya baraka kwenye ng'ombe, na Ladislas akaangalia kama maji yanafika tumboni. Hayakufika.

Wafanyakazi wote waliamriwa wasimame chini ya bendera. Kabera na wenzake watatu walikuwa wameshaingizwa katikati, nyuma ya pazia. Watoto wanane wa Wazungu walipandishwa wa kwanza. Hélène alikuwa juu ya Bihogo, nguo nyeupe, miguu inapiga mbavu.

Muziki ukaanza. Nguzo ikalia, ikaanza kuzunguka.

Muzunguko wa kwanza ulikuwa wa pole. Wa pili ukaongeza. Ladislas aliona ng'ombe zinaanza kutoka inje kwenye fimbo zao, tumbo la Bihogo linaelekea juu kidogo, na akajua kwamba kila mwendo unavyoongezeka njo ule mushono unavutwa. Miguu yake ilimutoa pale chini ya bendera. Polisi aliita. Hakugeuka. Aliingia kwenye duara, akamungojea Bihogo afike, akatia kiganja cha kuume chini ya tumbo, hasa kwenye ufa, akaanza kutembea naye.

Sasa anatembea, na watu wote wanaangalia, na Bwana ameinuka nusu kwenye kiti. Muntu anayeshika tumbo la ng'ombe ya muti mbele ya tarafa nzima lazima awe na sababu. Ladislas hakuwa na sababu ya kusema. Kwa hiyo akafungua mudomo, akaimba, kama wanavyoimba wachungaji wa kwao wakirudisha ng'ombe jioni:

"Bihogo, rangi ya udongo wa kwetu, pita pole, majani iko mbele. Bihogo, mama wa ndama watano, pita pole, mulima haukimbii."

Sauti ilitoka kavu. Akarudilia. Na kutoka ndani ya pazia, kwenye mapao, sauti ya pili ikamujibu. Kabera aliujua ule wimbo tangu alipokuwa anabebwa mugongoni. Alijibu, akasukuma kwa mwendo wa wimbo, na wenzake watatu, hata wasiojua maneno, miguu yao ikamufuata. Kizunguzungu kikapunguza. Kikaenda mwendo wa ng'ombe walioshiba. Fimbo zikarudi kunyooka.

Watu wakadhani njo imepangwa hivyo. Wanawake wa madini wakaanza kupiga makofi kwa kufuata wimbo. Bwana akakaa.

Wa pili walikuwa watoto wa makarani. Wa tatu watoto wa shule ya misioni. Kila kundi likishuka, lingine linapanda, na Ladislas hakutoka. Alizunguka mpaka shati likamunata, mpaka hakujua boma liko upande gani. Aliimbia Bihogo, kisha kwa haya akaziimbia na zile saba, asionekane ana mupenzi mumoja. Chini ya vidole aliisikia mishono kila mara mutoto anapohama: hii iko, hii iko, hii inalegea.

Saa tisa Édouard karani akataka kupanda. Alikuwa muntu wa mwili, na koti, na marafiki waliomuchochea. Ladislas alimukaribisha kwa heshima zote kwenye ng'ombe ya Makuza. Édouard akasema yeye atapanda ile ya mutoto wa Bwana, ao ng'ombe ya muti nayo iko na bureau yake ya kuomba ruhusa? Watu wakacheka. Akapanda Bihogo.

Muzunguko wa tatu waya wa kwanza ulikatika, ukamuingia Ladislas kwenye kiganja. Hakutoa mukono. Wa pili ukakatika. Akaweka na mukono wa kushoto, akalikaza tumbo kwa bega, akawa anatembea ameinama nusu, anamubeba karani wa boma pamoja na koti lake, na wimbo unatoka vipande vipande. Damu ilimushuka mpaka kwenye kiwiko. Rangi ya Bihogo ilikuwa nyekundu, hakuna aliyeona.

"Huyu ng'ombe anatembea vizuri," Édouard akawaita rafiki zake kutoka juu.

Alipiga mizunguko makumi mbili kama wote. Aliposhuka mvua ilianza, kubwa, mvua ya Walikale isiyopiga hodi, na Wazungu wakakimbilia turubai, na muziki ukanyamaza. Sikukuu ikawa imeisha. Hakuna aliyeanguka.

*

Bwana alimuita palepale chini ya mvua. Ladislas alificha kiganja nyuma. Aliambiwa kwamba kazi ni nzuri sana, kwamba wageni wa Bukavu hawajaona kitu kama hiki, na kwamba ndugu yake anatoka kesho asubuhi, karatasi imeshapigwa muhuri. Alitaka kukaa chini kwenye matope.

Halafu Bwana akaendelea, na Édouard akatafsiri. Alichopenda kupita vyote ni ule muchungaji na wimbo wake. Bila yeye ni ng'ombe za muti tu. Kwa hiyo ameamua: Ladislas atabaki Walikale, atatembea na ng'ombe kila Jumapili na kila sikukuu. Atapewa nyumba. Kidole chake kitahitajika kwenye karatasi ya miaka mitatu.

Ladislas alimuangalia Édouard, akaangalia ng'ombe nane zinazotota. Angeweza kusema: Bwana, hii haikuwa mapambo, ilikuwa ufa. Kabera alikuwa bado upande wa ndani wa gereza.

"Ndiyo, Bwana," akasema.

Alitia kidole cha mukono wa kushoto. Wa kuume ulikuwa umevimba.

Kesho yake Kabera alipanda camion ya mihogo, amevaa suruali ya Sebahire iliyomuzidi. Alikuwa ameshaambiwa. Alishika ubao wa camion, hakukaa.

"Sema sasa," akasema. "Mi iko inje. Waambie ilipasuka, wakuache."

"Nikisema leo, polisi wanakufuata na baiskeli mpaka daraja."

"Sema kesho kutwa, basi."

"Enda, mudogo yangu."

"Mama ataniuliza."

"Muambie sikukutuma peke yako. Muambie nimekutuma na mihogo."

Kabera hakucheka. Camion ikaenda.

*

Mukanda wa chuma ulifika kutoka atelier baada ya siku tisa, Sebahire akaufunga kwenye tumbo la Bihogo, na tangu hapo ng'ombe ile haikuhitaji mukono wa muntu. Ladislas aliendelea kutembea pembeni yake, maana kidole kilikuwa kwenye karatasi.

Kabera alifika Mushaki siku ya tatu. Alikaa mwaka mumoja bila nguvu ya kulima wala kuchunga, halafu akapona, akamuoa Mukamurenzi, wakazaa wawili. Mama Mukakalisa alimupokea, akampa maziwa, na hakusema naye kwa siku mbili. Mama alikufa mwaka wa 1956, mwezi wa tatu. Ladislas aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, ikajibiwa kwamba wiki ile kuna wageni.

Vénantie, muke wa Ladislas, alishuka Walikale mara mbili. Mara ya tatu baba yake, Makuza, alikataa, akamurudisha kwake, na ng'ombe ya mahari akairudisha kwa kina Ladislas.

Bwana alihamishwa mwanzo wa mwaka wa 1957, akaenda na Hélène na muke wake, hawakusikika tena. Aliyemufuata hakupenda makelele ya watoto mbele ya boma. Édouard alipandishwa cheo, akapelekwa Bukavu. Sebahire alikufa kwa kifua, akazikwa kwenye misioni ya Walikale.

Karatasi ya Ladislas iliisha mwezi wa saba wa mwaka ule wa 1957. Alirudi kwa miguu, akamufuata Vénantie kwa Makuza, akalipa upya nusu ya mahari kwa vyombo vya maziwa, na Vénantie akakubali. Alichonga mpaka uzee. Kiganja cha kuume hakikukunjika vizuri.

Ng'ombe tano zilipasuliwa kuni kwenye jikoni la gereza. Mbili zilichukuliwa na padri kwa ajili ya pango la Noeli. Ya nane haijulikani. Nguzo iliuzwa kama chuma mwaka wa 1959, na pale bustani ilipokuwa wakajenga nyumba sita za polisi.